Mkate wa Viazi na Mshale Ulioinama

Mtaani walimwita Bwana Mizani, na hata alipostaafu jina lilimganda kama kovu la utotoni. Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia sokoni na madukani na kisanduku chake cha mbao, akatoa mawe yake ya shaba, akayapanga juu ya sahani ya mizani moja baada ya jingine, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mizani ikiwa inamwibia mnunuzi, alitoa bisibisi akainyoosha. Ikiwa inamwibia mwenye duka, aliinyoosha vilevile, maana yeye hakuwa na upande. Akishamaliza huigeuza chini juu, na kando ya skrubu hukwaruza mikwaruzo miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Akirudi mwaka wa pili akiiona, hujua kwamba mkono wake umeshapita hapo.

Siku ya kumuaga ofisini, kisanduku alikirudisha na karatasi akatia saini. Wenzake wakamwachia jiwe moja tu, lile la nusu kilo, awe nalo kama ukumbusho. Wengine hupewa saa ya mkononi. Yeye alipewa jiwe, na akalipenda kuliko saa. Alikaa nalo mfukoni mwa koti, upande wa kulia, mpaka koti likawa linaning'inia upande mmoja.

Sasa, mtu aliyezoea kutwa nzima kuchungulia vitu vya watu, ukimweka nyumbani ataanza kuchungulia vya kwake. Wiki ya kwanza alirudisha nyuma saa ya ukutani iliyokuwa imetangulia dakika saba. Mkewe akamwambia zile dakika saba aliziweka yeye kwa makusudi, za kumwamsha mvivu aliyemo ndani yake. Wiki ya pili akatia mafuta bawaba za mlango wa uani, ukaacha kulia. Mkewe akalalamika kwamba sasa watu wanaingia kama paka, wakati zamani mlango ulikuwa unamwambia. Bwana Mizani alishangaa kweli. Hakujua kama nyumbani kwake kulikuwa na vitu vibovu vilivyokuwa vikifanya kazi.

Mkewe huyo ndiye Mama Mkate. Watoto wao walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, kila mmoja na mji wake, wakabaki wawili. Kila Jumatano na kila Jumamosi alikuwa akioka mkate wa viazi katika kijumba cha jiko nyuma ya nyumba, chenye dirisha dogo linalotazama uchochoro. Hakuandika kibao wala hakuita mtu. Harufu ilikuwa ikitoka dirishani, inakata kona kwa fundi baiskeli, inafika bombani kwenye foleni ya ndoo, na baada ya hapo watu walikuja wenyewe. Ulikuwa mkate mpana, wa rangi ya ngozi ya viatu vipya, laini ndani, unaokaa siku tatu bila kukauka. Bwana Mizani alikuwa ameula miaka yote hiyo bila kuuliza hata swali moja. Aliondoka asubuhi akauacha bado unga, akarudi jioni akaukuta mkate, basi.

Alipoanza kukaa nyumbani ndipo maswali yalipomjaa. Alivuta kigoda akakaa mlangoni mwa jiko, akauliza kila kitu. Mbona maji yaliyochemshia viazi humwagi? Mkewe akamweleza kwamba hamira inayapenda yale maji kuliko maji ya bomba, yakishapoa kiasi cha kidole kuvumilia. Mbona viazi unaviponda vingali vya moto halafu unavisubiri vipoe? Kwa sababu vikipoa kabla havijapondwa vinabaki na mabonge, na ukivitia vya moto kwenye hamira unaiua. Na unga kiasi gani? Pakiti moja, ile ya kilo, yote, hakuna kubakiza wala kuongeza. Na viazi je?

Hapo Mama Mkate alionyesha rafu kwa kidevu. Juu yake palikuwa na mizani ya zamani ya sahani, yenye uso wa mviringo kama saa, ya kupima mwisho kilo moja. Aliiokota kwenye duka lililofungwa, hata kabla ya mtoto wao wa pili kuzaliwa.

"Naviweka vikishamenywa," akasema, "mpaka mshale unitazame kitovuni."

Yaani mpaka mshale uelekee chini kabisa, pale palipoandikwa nusu kilo. Namba mwenyewe hazisomi. Bwana Mizani alicheka, akaona hicho nacho ni kipimo.

Haukupita muda Mama Mkate akaitwa kwenda kumuuguza mama yake mdogo. Akakaa huko siku nne. Bwana Mizani akabaki peke yake na nyumba. Akafagia, akapanga, akakaza hiki, akalegeza kile, vitu vidogovidogo ambavyo hata yeye hakuvitia akilini. Mkewe aliporudi Jumatatu alikuta vikombe vimepangwa kwa ukubwa, akasema Mungu atamlipa.

Jumatano akaoka. Mkate ukatoka umebonyea katikati kama mto uliolaliwa na mtu mzito. Alipoukata, kisu kikatoka kimepakaa unga mbichi. Mama Mkate akautazama, akasema labda makaa ya juu ya kifuniko yalikuwa machache.

Jumamosi akaongeza makaa. Lakini safari hii hata kwenye kukanda mambo hayakwenda, unga ulimng'ang'ania vidoleni kama gundi. Akaongeza konzi ya unga, na nyingine, na nyingine tena, mpaka ukaachia. Ule mkate uliiva, tena uliiva sana. Fundi baiskeli alichukua wake, akapita nao dirishani baadaye, akasema kwa upole kwamba anashukuru, amepata kitu cha kuzuia gurudumu. Watu wa uchochoroni walicheka, na Mama Mkate mwenyewe alicheka. Kisha akafunga dirisha, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mchana.

Jumatano ya pili akatupa hamira yote, akanunua mpya, akaijaribu kwenye kikombe, ikatoa povu kama sabuni. Mkate ukabonyea vilevile.

Siku hiyo hakuuliza makaa wala hamira. Alikaa kwenye kigoda cha mumewe, akafungua viganja akavitazama.

"Ni mikono," akasema. "Mama naye ilimwanza hivihivi, na alikuwa na umri wangu huu. Mkate ulimkataa. Akaendelea kulazimisha mwaka mzima, watu wanaununua kwa kumwonea huruma, wanakwenda kuwapa kuku. Mimi huo mwaka sitausubiri."

Bwana Mizani alikuwa akimjua mkewe. Si mtu wa kutia chumvi, na neno lake akishalitoa amelitoa. Kesho yake, Alhamisi, Mama Mkate alikwenda nyumba ya tatu kwa Mama Pacha, mama mwenye mapacha wa kike na mikono isiyojua kukaa bure. Mama Pacha alikuwa ameziomba zile sufuria mbili nzito za kuokea tangu zamani, kwa utani. Sasa akaambiwa si utani tena, aje azichukue Ijumaa jioni. Alisita, akauliza mara tatu kama kweli. Kweli. Ndivyo na sufuria zenyewe zilivyofika kwa Mama Mkate: mama yake alimkabidhi siku alipoacha.

Basi Bwana Mizani akawa na siku moja na kidogo.

Usidhani alikuwa na uchungu tu. Alikuwa nao, ila chini ya uchungu kulikuwa na kitu kingine kinachomkuna, kile kilichomtoa kitandani miaka thelathini na moja. Mikono haiharibiki kati ya Jumatano na Jumatano. Mtu akidhoofika, hudhoofika kidogo kidogo, kama mizani inavyolegea springi. Kitu kinachoharibika ghafla kimeguswa. Je, nini kimeguswa?

Akaanza na maji. Bomba ni lilelile, na chai haijabadilika ladha. Akaenda kwenye unga. Mama Pacha ananunua duka hilohilo, pakiti hizohizo, na mikate yake ya kawaida inaumuka mpaka inasukuma kitambaa. Makaa, hamira, chumvi, yote akayazungushia kidole hewani, moja moja, akayaacha yaende. Vikabaki viazi.

Na hapo akakumbuka neno ambalo mkewe alilisema mara mbili wiki ile, bila kulitilia maanani. Alisema kikapu cha viazi siku hizi hakifiki. Zamani kilitosha mikate ya wiki mbili. Sasa kinaisha ungali unakidai.

Bwana Mizani akasimama. Damu ya kazi ikamchemka. Kumbe ni hivyo: muuza viazi anapunja! Kwamba viazi pungufu haviwezi kuharibu mkate uliopimwa jikoni, hilo hakulifikiria. Alikuwa amemwona mwizi, na hakuona kingine. Ijumaa asubuhi akavaa koti, akagusa mfuko wa kulia kuhakikisha, akatoka.

Muuza viazi alimwona kwa mbali, maana lile koti lenye bega moja chini linajulikana soko zima. Akafuta sahani ya mizani kwa kiwiko, akavuta kigoda, akamwamkia shikamoo mara mbili kwa mpigo. Akauliza kama mzee amerudishwa kazini.

Bwana Mizani akaitikia marahaba moja, akasema hapana, amepita tu. Lakini aliyepita tu hatoi jiwe la shaba mfukoni. Alilitua juu ya sahani taratibu, akainama, pua kwenye kioo. Mshale ukaenda, ukatikisika kidogo, ukatulia nusu kilo kamili, si unywele huku wala unywele kule. Akaliondoa, mshale ukarudi juu penye sifuri. Akalitua tena. Nusu kilo. Akaigeuza mizani: mikwaruzo miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, imeshika kutu kidogo, ya mwaka juzi.

Muuza viazi naye alikuwa akichungulia, pumzi ameibana.

"Vipi, mzee?"

Bwana Mizani akakiri kwamba mizani ni nzima. Akasema, kama mtu anayejitetea, kwamba tatizo ni kikapu, nyumbani hakifiki siku hizi.

Muuza viazi akaachia pumzi, na woga ulipomtoka utani ukaingia.

"Kama hapa havipungui, mzee wangu, basi huko mnavitumia vingi. Mimi nauza, siwafuati sufuriani. Nenda kakague jikoni kwako."

Wenzake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Bwana Mizani naye akacheka, akanunua viazi kwa adabu, akaondoka. Lakini njiani alitembea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. Vingi. Mnavitumia vingi. Mkewe hakuongeza kitu. Mshale unamtazama kitovuni leo kama ulivyomtazama miaka yote.

Nyumbani hakukuta mtu. Mama Mkate alikuwa ameenda kuazima mchanga mzuri wa kusugulia sufuria, hakutaka kumkabidhi mwenzake vitu vyenye masizi. Bwana Mizani akaingia jikoni, akaitua ile mizani ya rafuni mezani, akaweka jiwe.

Nusu kilo. Kamili.

Kwanza akashukuru. Kisha shukrani ikamkauka mdomoni, akavuta kigoda akakaa. Alikuwa amekagua mizani maelfu. Amekuta zilizozidi, zilizopungua, zilizokuwa sawa asubuhi zikakosea mchana kwa joto. Lakini mizani ya zamani kama ile, iliyookotwa kwenye duka lililofungwa, imekaa rafuni miaka na miaka kwenye mvuke na unga, haijakutana na mkaguzi, halafu iwe sahihi kama jiwe? Hajaiona hata siku moja. Mizani ya aina hiyo ikiwa sawa, kuna mtu kaiweka sawa.

Akaigeuza chini juu.

Kando ya skrubu palikuwa na mikwaruzo miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mipya, inang'aa.

Alitazama muda mrefu. Kumbukumbu ikamjia polepole, kama mtu anayekuja kutoka chumba cha pili: mchana wa peke yake, vikombe vimepangwa, kitambaa mkononi anapangusa rafu. Mshale umeinamisha shingo upande wa kulia, sahani haina kitu. Bisibisi. Robo ya dakika, labda hata haikufika. Hata kukumbuka hakukumbuka, kwa sababu kwake yeye kunyoosha mizani ilikuwa kama kufukuza nzi. Nani anakumbuka nzi?

Rangi ya zamani ilikuwa imeganda kuzunguka skrubu, ikaacha mstari mahali kichwa chake kilipokuwa kimekaa miaka yote. Akapima kwa jicho kutoka mstari ule mpaka kilipo sasa. Gramu mia na hamsini. Yaani mizani ikiwa tupu ilikuwa tayari inasoma mia na hamsini, na mkewe alipoufikisha mshale nusu kilo, kwenye sahani vilikuwemo viazi vya gramu mia tatu na hamsini tu. Huo ndio uliokuwa mkate wa viazi. Kila alichokula, kila kilichonuswa bombani, kilipimwa na mizani inayosema uongo. Na alipoifundisha kusema kweli, viazi vikazidi karibu nusu ya vile vya awali, na maji yaliyomo ndani yake yakaingia kwenye pakiti ileile moja. Ndiyo maana unga ukawa gundi.

Bisibisi ilikuwa mfukoni. Kuirudisha mizani ilivyokuwa ni robo ya dakika nyingine. Hakuna ambaye angejua. Angemwomba mkewe aoke mara moja ya mwisho, mkate ungeinuka, angeona mikono imerudi, kwisha habari.

Akaitia bisibisi kwenye kichwa cha skrubu. Mkono ukakataa. Si maneno ya kupamba, ulikataa kweli, kama punda anavyokataa daraja. Miaka thelathini na moja alikuwa amewatoa watu uongo kwenye mizani, hajawahi kuutia. Na akiwa bado ameshika bisibisi hivyo akawaza jambo la pili, zito zaidi. Mkewe akiona mikono imerudi yenyewe, ataamini kwamba iliondoka yenyewe. Kila mkate atakaooka kuanzia leo ataugonga kwa woga, akisubiri siku itakayoondoka tena.

Mama Mkate akaingia na ndoo ya mchanga. Mlango haukulia. Akamkuta mumewe amekaa mbele ya mizani iliyolala chali kama kuku wa kunyonyolewa.

"Sasa imekufanya nini?"

"Haijafanya kitu," akasema Bwana Mizani. "Nimefanya mimi. Siku ulizokwenda kwa mama mdogo, niliinyoosha. Niliukuta mshale umeinama, nikaunyoosha, halafu nikasahau. Viazi vimekuwa vingi kwa sababu yangu. Mikono yako haina kitu, mke wangu."

Akamweleza yote, mstari wa rangi, jiwe, sokoni, muuza viazi na wenzake walivyomcheka. Hakuruka kitu. Mama Mkate alisimama na ndoo mkononi mpaka mwisho. Kisha akaitua.

"Niliona kwamba mshale umeacha kuinama," akasema. "Nikadhani umepona."

Halafu sauti ikatoka nyingine, ya chini.

"Unajua wiki hizi mbili nimekuwa naitazamaje hii mikono? Kama ya mtu mwingine. Nakunywa chai nayo naiogopa. Na wewe umekaa hapo mlangoni kwenye kigoda, unaniuliza hamira."

Bwana Mizani hakujitetea. Alisema nisamehe, mara moja tu, kwa sababu zaidi ya hapo ingekuwa kelele. Mama Mkate akamtazama juu mpaka chini, koti lake lililoning'inia, jiwe lake mezani. Alipofungua mdomo hakusema kama amesamehe au la. Alimsukumia kisu na bakuli.

"Menya."

Akamenya. Gramu mia tatu na hamsini, alizipima mwenyewe mara tatu, mpaka mkewe akamwambia anapima dhahabu au viazi. Akaviponda vingali moto, mvuke ukamjaa usoni. Akayajaribu maji kwa kidole, akaulizwa kama kidole kimevumilia, akasema kinavumilia kwa shida, akaambiwa basi bado. Pakiti moja ikamiminwa, yote. Ila kukanda hakupewa. Mama Mkate alinawa mikono, akaifuta taratibu kidole kwa kidole, akaiingiza kwenye beseni kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

Mwanzo uling'ang'ania, maana unga wowote mwanzo hung'ang'ania. Akakunja, akasukuma, akageuza. Bwana Mizani hakutazama beseni. Alitazama shingo ya mkewe. Baada ya muda akaona bega la kushoto limeshuka, lile alilolipandisha karibu na sikio tangu Jumatano ya kwanza. Alipotupa jicho kwenye beseni, unga ulikuwa umeachia, umekaa katikati peke yake, mviringo, na kingo za beseni safi.

Wakaufunika kitambaa.

Mama Pacha alifika kabla ya wakati, na toroli la kuazima na shuka kuukuu la kufungia sufuria zisigongane. Alivaa uso wa msiba, akaanza kwa kumpa pole Mama Mkate, akasema yeye hafurahii, anazichukua ili tu zisiende kwa watu wasiojua kuosha. Kisha akaona kwamba sufuria moja iko motoni, na juu ya kifuniko chake makaa yanawaka mekundu.

"Mbona yangu mmeipikia?" akauliza.

Mama Mkate akamwambia akae, bado ina mgeni ndani. Akamweleza kwa maneno machache kwamba wanajaribu mara moja tu, na kwamba ahadi ni ahadi: mkate ukibonyea, toroli litatoka na mzigo. Mama Pacha akakaa juu ya toroli lake. Wakasubiri watatu, kila mmoja akijifanya anatazama kitu kingine. Harufu ikaanza kutoka, kwanza ya viazi, kisha ya ngano, kisha ile yenyewe ambayo haina jina. Bwana Mizani alikuwa na hamu ya kufunua kifuniko mpaka magoti yakamwasha. Alikuwa amejua kila kitu kuhusu gramu. Hakujua hata kidogo ni nini kinachotokea mle ndani gizani.

Huko nje dirishani kikatokea kichwa. Fundi baiskeli. Akasema alikuwa anapita tu, na alipoona hakuna aliyemjibu akabaki palepale.

Mama Mkate akapangusa makaa, akainua kifuniko kwa kitambaa. Ulikuwa umejaa mpaka juu, katikati umeinuka kama tumbo la mtu aliyeshiba, rangi ya ngozi ya viatu vipya. Akaupindua kiganjani, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama mlango wa nyumba isiyo na vyombo. Akaugonga tena, na mara ya tatu, ingawa mara ya kwanza ilitosha.

"Haya," akasema Mama Pacha, akashuka kwenye toroli akianza kukunja shuka. "Nimekuja na toroli kuchukua harufu."

Hakurudi mikono mitupu. Alikatiwa nusu nzima ya mkate, wa moto, akaufungia kwenye shuka lilelile la sufuria, akaambiwa kwamba akitaka kujua unavyotengenezwa aje Jumatano na mikono yake. Sufuria zitakuja kwake siku moja, ila si kwa kukimbizwa. Akasema atakuja, na mapacha atawaleta wamenye viazi. Fundi baiskeli alipewa ukoko, kwa adhabu. Aliula amesimama, hakupata la kusema kuhusu magurudumu.

Walipobaki wawili Mama Mkate akaisogeza mizani mbele ya mumewe.

"Irudishe."

Bwana Mizani akajikuna kichwa. Akaeleza kwa heshima kwamba hakuna haja, mizani sasa ni sahihi, yeye apime tu mia tatu na hamsini, pale palipoandikwa, namba inaonekana vizuri kabisa.

"Mimi mia tatu na hamsini siijui," akasema Mama Mkate. "Mimi namjua huyo anayenitazama kitovuni."

Akaona hapo hapana mjadala. Akatoa bisibisi. Mkono ukasita kama ulivyosita mchana, akautazama, akauambia moyoni kwamba hapa hakuna mnunuzi wala muuzaji. Ukakubali. Akazungusha taratibu mpaka kichwa cha skrubu kikafika kwenye mstari wa rangi ya zamani. Juu, mshale ukainamisha shingo upande wa kulia, kama mtu anayesalimia akiwa amebeba mzigo kichwani.

Ilikuwa mizani ya kwanza maishani mwake kuikosesha kwa makusudi. Kwa mazoea aliinua ncha ya bisibisi kutia sahihi, akaishusha. Mikwaruzo yake miwili ilikuwepo bado, inang'aa, sasa inadai kitu kisicho kweli. Hakujua aifanyeje.

Mama Mkate alichukua kisu cha kumenyea, akaegemea mezani, na kando ya ile miwili akakwaruza mmoja wa kwake, umepinda, mrefu kuliko yote. Akapuliza vumbi la chuma, akairudisha mizani rafuni.

Kisha akamuuliza kama amekula, maana tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni, na mkate ulikuwa unapoa.